KASORO SI UHARIBIFU: Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi za Uchunguzi wa Mikanda ya Usalama

1. Utangulizi

Kazi nyingi zinazofika mezani petu ni za aina ambayo kosa la neno moja huleta aibu tu. Mfasiri wa hotuba akikosea, msemaji huchekwa. Mfasiri wa kitabu cha shule akikosea, mwanafunzi hupoteza alama. Ni nadra kupokea kazi ambayo kosa la neno moja, pengine la herufi moja, laweza kumwumiza mtu mwilini au kumnyima haki yake mtu aliyekwisha umia. Rasimu tunayoihakiki hapa ni ya namna hiyo.

Rasimu hiyo ililetwa kwetu na ofisi moja ambayo hatutaitaja, kwa kuwa nia yetu si kumlaumu mtu. Ni tafsiri ya maelezo kuhusu jinsi serikali ya Marekani inavyochunguza kasoro za mikanda ya usalama katika magari, pamoja na orodha ya istilahi arobaini na kitu zilizopendekezwa na mfasiri mwenyewe. Ilikusudiwa isomwe na wenye magari, mafundi wa gereji, askari wa usalama barabarani na walimu wa vyuo vya ufundi.

Huenda msomaji akauliza: ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu magari ni msafiri. Magari mengi yanayopita katika barabara za Tanzania na Kenya yalikwisha kutumika kwingine, hasa Japani, kabla ya kufika Mombasa au Dar es Salaam. Kiwanda kinapogundua kasoro, barua huandikiwa mwenye gari anayejulikana katika daftari za nchi yake. Gari likishavuka bahari, barua hailifuati. Kinachoweza kulifuata ni habari, na habari hiyo huja kwa lugha ya kigeni hadi pale mfasiri atakapoivika Kiswahili. Kwa hiyo mfasiri huyu ametenda jambo la maana, nasi twamshukuru. Lakini shukrani isiyo na uhakiki haimfai mtu anayetaka kuendelea na kazi.

2. Lugha yetu imejua wajibu wa abiria tu

Kabla ya kuingia katika maneno yenyewe, hatuna budi kueleza kwa nini mfasiri alipata taabu. Sheria za mikanda ni za namna mbili. Namna ya kwanza humwamrisha mtumiaji afunge mkanda. Jimbo la Victoria katika Australia lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1970. New York ilianza kuitumia mwaka 1984. Na Kenya, kwa kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, ilitaka matatu ziwe na mikanda na abiria waifunge. Namna ya pili humwamrisha mtengenezaji atoe mkanda ulio salama, na akigundua kwamba si salama, aarifu na atengeneze. Marekani ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1966, na tangu mwaka 1970 utekelezaji wake umo mikononi mwa Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Barabara Kuu, iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi.

Kiswahili chetu cha barabarani kimekua chini ya sheria za namna ya kwanza. Tumezoea "Funga mkanda!", "hakufunga mkanda", "faini ya kutofunga mkanda". Katika semi hizi zote mwenye wajibu ni abiria au dereva, kiwanda hakimo. Mfasiri alipofika kwenye sheria za namna ya pili alikuta ghala lake la maneno lina rafu tupu, akachukua yaliyokuwa karibu. Hapo ndipo makosa yalipozaliwa, na ndiyo maana tunayaona kuwa ni makosa ya sote, si yake peke yake.

3. Kasoro na uharibifu

Kosa la kwanza, ambalo ndilo mama wa mengine, ni kuliita jambo linalochunguzwa "uharibifu". Rasimu inasema: "Serikali huchunguza uharibifu wa mikanda." Katika Kiswahili, uharibifu una mharibifu wake. Kitu kilikuwa kizima, kisha akaja mtu au jambo likakiharibu. Msomaji wa sentensi hiyo hujiuliza mara moja: nani ameuharibu mkanda? Na jawabu la karibu ni yule aliyekuwa akiutumia.

Kasoro ni neno jingine. Kasoro ni upungufu uliomo ndani ya kitu chenyewe, katika umbo, katika kazi yake, au katika mali ghafi iliyokitengeneza. Hivyo ndivyo sheria ya Marekani inavyofafanua: inahesabu kuwa ni kasoro upungufu wa utendaji, wa muundo, wa sehemu au wa mali ghafi ya gari au ya kifaa chake. Neno letu la kale linaubeba mpaka huo bila kuongezewa chochote.

Tofauti hii si ya wanaisimu wanaopoteza muda. Tuchukue uchunguzi mkubwa kuliko yote iliyohusu mikanda, uliomalizika Mei 1995. Ulihusu zaidi ya magari milioni 8 ya miaka ya 1986 hadi 1991, ya makampuni 11, ambayo mikanda yake ilitengenezwa na Takata ya Japani, kampuni ile ile iliyokuja kufilisika mwaka 2017 kwa sababu ya mifuko ya hewa. Kitufe chekundu cha kufungulia mkanda kilitengenezwa kwa plastiki ambayo, baada ya kupigwa na mwanga wa jua kwa miaka mingi, ilikuwa kavu na kumeguka. Vipande vilivyomeguka viliangukia ndani na kulizuia komeo. Mkanda ukawa hausiki, au unaonekana umeshika kumbe haukushika, au waweza kuachia wenyewe.

Katika shauri hilo ubishi wote ulikuwa juu ya neno moja. Upande wa watengenezaji ulidai kuwa vitu vilivyodondoshwa na watumiaji, kama vile chakula na vinywaji, ndivyo vilivyoharibu kifaa. Wachunguzi walishika kwamba plastiki yenyewe haikufaa kuwekwa mahali penye jua. Kwa Kiswahili twaweza kuueleza ubishi huo kwa mkato: mmoja alisema ni uharibifu, mwingine akasema ni kasoro. Mwishowe magari yaliitwa yatengenezwe, na Honda na Takata zilikubali kulipa dola 50,000 kila moja kwa kuchelewa kuiarifu serikali. Sasa mfasiri anayeandika "uchunguzi wa uharibifu wa mikanda" amekwisha toa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa, na amewapa ushindi walioshindwa.

Yuko atakayesema: je, mtumiaji akikitumia kifaa vibaya kweli? Mahakama ya rufani ya Washington ililijibu swali hilo mwaka 1975 katika shauri la serikali dhidi ya General Motors, lililohusu magurudumu ya magari ya mizigo yaliyokuwa yakivunjika. Wenye magari walikuwa wakiyabebesha kupita kiasi. Mahakama ilisema kwamba gari lina kasoro ikiwa sehemu yake inashindwa kwa idadi isiyo ndogo mno katika matumizi ya kawaida, na ikaongeza kuwa matumizi ya kawaida ni pamoja na yale mabaya ambayo mtengenezaji mwenye akili angeweza kuyatazamia. Mtoto kumwaga soda ndani ya gari ni jambo la kutazamiwa. Rasimu inayaita haya "matumizi mabaya yanayojulikana". Sivyo. Linalojulikana limekwisha tokea. Linalotazamiwa halijatokea bado, ila mwenye busara hujitayarisha nalo. Twapendekeza "matumizi mabaya ya kutazamiwa".

4. Herufi moja: -w-

Kosa la pili limejificha ndani ya vitenzi, na ndilo lililotutia wasiwasi zaidi. Kiswahili kina neema ambayo lugha nyingi hazina: kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka zimetengana waziwazi. "Mlango umefunguliwa" kuna mtu aliyeufungua. "Mlango umefunguka" hakuna anayetajwa, umefunguka wenyewe. Mtoto wa darasa la pili huijua tofauti hii bila kufundishwa, ndiyo maana akivunja kikombe husema "kimevunjika", wala hathubutu kusema "kimevunjwa".

Rasimu inaporudia malalamiko ya watu waliopatwa na ajali inaandika: "Wakati wa mgongano mkanda ulifunguliwa." Ulifunguliwa na nani? Mlalamikaji hakusema kwamba alibonyeza kitufe. Alisema mkanda ulifunguka. Mahali pengine pameandikwa: "Abiria alirushwa nje kwa sababu mkanda haukufungwa." Mlalamikaji alisema haukufunga, yaani aliuingiza mahali pake nao ukakataa kushika, au ukajifanya umeshika. Kati ya "haukufunga" na "haukufungwa" kuna herufi moja tu. Lakini herufi hiyo ndiyo inayohamisha lawama kutoka kwa kiwanda hadi kwa aliyejeruhiwa.

Wala tusidhani kuwa hatari hii imo katika tafsiri peke yake. Katika semina moja ya wafasiri tuliwahi kuonyeshwa fomu ya kuandikia habari za ajali. Palikuwa na mstari mmoja juu ya mkanda, na majibu mawili ya kuchagua: "Umefungwa" na "Haukufungwa". Mtu aliyekuwa ameingiza ulimi wa mkanda ndani ya bizimu, ikamwachia, ataandikwa wapi? Atakutwa hana mkanda kifuani, na kalamu itachagua jibu la pili. Baadaye mke wake au watoto wake wakidai fidia, wataonyeshwa karatasi inayosema kwamba hakutii sheria. Hapo lugha imekuwa shahidi wa uongo, na aliyeandika hakukusudia uongo wowote.

Twapendekeza, pamoja na marekebisho ya rasimu, kwamba fomu za namna hiyo ziwe na majibu manne: mkanda ulifungwa na ukashika, ulifungwa ukafunguka, ulijaribiwa usishike, haukufungwa. Karatasi haitakuwa ndefu mno kwa mistari miwili ya ziada.

5. Uchunguzi, upelelezi na ukaguzi

Rasimu inatumia maneno haya matatu kana kwamba ni ndugu pacha. Ni ndugu, lakini kila mmoja ana kazi yake.

Upelelezi hutafuta mhalifu, na desturi yake ni kufanywa kwa siri. Shughuli inayoelezwa hapa hutafuta chanzo, na majalada yake husomwa na umma. Basi si upelelezi. Ukaguzi hulinganisha kitu na kanuni iliyokwisha wekwa. Marekani ina kanuni za namna hiyo: namba 208 juu ya kinga ya abiria, namba 209 juu ya mikanda yenyewe, namba 210 juu ya mahali mikanda inapoungwa na gari. Mkanda waweza kukaguliwa ukiwa mpya ukafaulu, na baada ya miaka sita ukaonekana una kasoro, kama kitufe chetu chekundu. Kwa hiyo anayesema "mkanda ulikaguliwa, basi hauna kasoro" amechanganya mambo mawili. Neno linalofaa shughuli nzima ni uchunguzi.

Ndani ya uchunguzi huo mna ngazi, nazo zapasa kuwa na majina yasiyobadilika kila ukurasa. Kwanza malalamiko ya wananchi hupokelewa na kuchujwa. Yakionekana yana mwelekeo mmoja, hufunguliwa tathmini ya awali, ambapo mtengenezaji huulizwa maswali na kutakiwa kutoa kumbukumbu zake. Jambo likizidi kuonekana zito, hufuata uchambuzi wa kihandisi, ambapo vifaa hupimwa na takwimu hulinganishwa. Mwisho jalada hufungwa, au mtengenezaji hutakiwa ayaite magari. Naye mtengenezaji, mara akiamua kwamba kuna kasoro ya usalama, sheria humpa siku 5 za kazi kuiarifu serikali. Rasimu inaziita ngazi hizi "upelelezi wa kwanza" na "upelelezi wa pili". Majina hayo hayamwambii msomaji kazi inayofanyika katika kila ngazi. "Tathmini ya awali" na "uchambuzi wa kihandisi" ndiyo yaingizwe katika orodha.

6. Mwito, na neno "hiari"

Tendo la kiwanda kuyaita magari ili yatengenezwe limefasiriwa "kurudishwa kwa magari kiwandani". Tuliwasomea sentensi hiyo madereva watatu wa teksi karibu na ofisi yetu. Wote watatu walielewa kwamba gari litachukuliwa. Mmoja akauliza kama fedha zitarudishwa pia. Mwingine akasema, akiisikia habari hiyo, atalificha gari lake kijijini. Kumbe lililokusudiwa ni kwamba gari lipelekwe kwa wakala, libadilishiwe kifaa bila malipo, kisha mwenyewe aondoke nalo. Neno lililotungwa kumlinda mtu limemfanya akimbie ulinzi.

Twapendekeza "mwito wa matengenezo ya usalama", na kwa ufupi "mwito". Neno mwito halichukui kitu cha mtu, linamwalika. Kiwanda "hutoa mwito", gari "huwa chini ya mwito", na mwenye gari "huitikia mwito". Twajua kwamba wengine wamekwisha zoea "marejesho". Hatuna ugomvi na neno hilo katika biashara ya vyakula na dawa, ambako bidhaa hurudi kweli wala hairudishwi kwa mnunuzi. Katika magari halifai.

Pamoja na hayo, rasimu yasema kwamba miito mingi ni "ya hiari". Kwa Kiingereza sentensi hiyo ina maana ya kwamba kiwanda kimetoa mwito kabla ya kuamriwa na serikali. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba yeye ndiye mwenye hiari: akitaka apeleke gari, asipotaka akae. Hili ni kosa la hatari. Iandikwe: "Kiwanda kilitoa mwito kabla ya kuamriwa." Sentensi ni ndefu kidogo, lakini inajulikana nani alikuwa na hiari.

Vilevile mfasiri awe macho na maneno yanayochaguliwa na viwanda ili kukwepa neno kasoro. Machi 1995 kampuni ya Chrysler ilikubali kubadilisha makomeo ya milango ya nyuma ya magari yake ya familia yapatayo milioni 4, lakini ikaliita tendo hilo huduma kwa wateja, bila kukiri kasoro. Komeo la mlango si mkanda, ila somo ni lile lile. Mfasiri asilibadili jina hilo kuwa "mwito", kwa maana atakuwa amesema lisilosemwa. Lakini pia asiliache liende tupu. Aandike "kampeni ya huduma, bila kukiri kasoro", ili msomaji aone kilichomo na kilichoachwa.

7. Sehemu za mkanda

Mkanda wa ncha tatu tunaoujua leo ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959. Kwa macho ni kitu chepesi: utepe unaopita begani na kiunoni. Kwa fundi ni mtambo wenye sehemu nyingi, na kila sehemu yaweza kuwa na kasoro yake.

Rasimu imetumia neno "kifungo" kwa sehemu tatu mbalimbali. Matokeo yake ni sentensi hii, ambayo twainakili kama ilivyo: "Vipande vya kifungo huanguka ndani ya kifungo na kukizuia kifungo." Msomaji atadhani mpiga chapa amelewa. Tena kifungo katika lugha ya mahakama ni jela, na maelezo yanayosomwa na askari yasingefaa kumchekesha mahali pasipo na kichekesho.

Maneno tunayo. Bizimu ni neno la siku nyingi katika kamusi zetu kwa kifaa cha kufungia mkanda, lifufuliwe. Kile chuma bapa kinachoingizwa ndani ya bizimu ni ulimi. Kinachoushika ulimi ndani ya bizimu ni komeo, kama la mlango. Kinachobonyezwa ili komeo liachie ni kitufe. Sasa sentensi yasomeka: "Vipande vya kitufe huanguka ndani ya bizimu na kulizuia komeo." Fundi yeyote ataielewa bila kuuliza. Wala tatizo la kitufe halikwisha mwaka 1995. Machi 2023 Honda ilitoa mwito kwa magari yapatayo 448,000 nchini Marekani, kwa sababu rangi iliyopakwa juu ya mfereji wa bizimu za mbele ilikuwa ikichakaa, na kitufe kikakwaruzana na mfereji huo hasa wakati wa baridi, hata mkanda usishike vema.

Kwa ile hali ya mkanda kuonekana umefunga kumbe komeo halikushika, rasimu yatoa "kufunga kwa uongo". Chuma hakisemi uongo. Twapendekeza "kufunga nusunusu", maneno ambayo mafundi wenyewe hutumia kwa mlango usioshika sawasawa. Mahali ambapo mkanda umeungwa na bodi ya gari rasimu yapaita "nanga". Neno hili ni zuri, nasi twalikubali bila kulibadili. Kifaa kinachoukunja utepe kimeitwa "mashine ya kurudisha". Twaona "kikunjio" ni fupi na wazi zaidi. Na kile kinachouvuta mkanda ukaze ghafla kwa nguvu ya baruti ndogo mara gari linapogonga, twapendekeza kiitwe "kikazio".

Juu ya kikazio hatuna budi kuonyesha kosa moja la mwisho. Mwaka 2018 Mamlaka ya Marekani ilifungua uchunguzi juu ya magari ya Ford F-150 ya miaka ya 2015 hadi 2018, na mwezi uliofuata Ford ikatoa mwito kwa magari yapatayo milioni 2 katika Amerika Kaskazini. Zilikuwako taarifa 17 za moshi au moto kutoka Marekani na 6 kutoka Kanada. Rasimu inasema: "Kikazio kilishika moto." Sivyo ilivyokuwa. Kikazio kilipofanya kazi yake kilitoa cheche nyingi kupita kiasi, na cheche hizo ziliwasha gesi iliyojikusanya ndani ya nguzo ya kati. Ndipo kitambaa cha kuzuia joto na zulia lililo karibu vikashika moto. Matengenezo yaliyoagizwa hayakuwa kubadilisha kikazio, bali kuondoa vile vitu vinavyoshika moto na kukinga zulia kwa utepe unaostahimili joto. Fundi akiisoma rasimu, atabadilisha kikazio, atamtoza mwenye gari fedha nyingi, na chanzo cha moto kitabaki pale pale.

8. Istilahi tunazopendekeza

Kwa muhtasari, twaomba orodha irekebishwe hivi:

kasoro ya usalama: badala ya "uharibifu wa mkanda"
uchunguzi: badala ya "upelelezi"
ukaguzi: libaki kwa kulinganisha kifaa na kanuni tu
tathmini ya awali. Uchambuzi wa kihandisi: badala ya "upelelezi wa kwanza" na "wa pili"
mwito wa matengenezo ya usalama: badala ya "kurudishwa kwa magari kiwandani"
matumizi mabaya ya kutazamiwa: badala ya "yanayojulikana"
bizimu, ulimi, komeo, kitufe: badala ya "kifungo"
kufunga nusunusu: badala ya "kufunga kwa uongo"
kikunjio: badala ya "mashine ya kurudisha"
kikazio, nanga: yakubaliwe

Na juu ya vitenzi, kanuni moja: palipo na malalamiko, mfasiri atumie kauli ile ile aliyoitumia mlalamikaji. Aliyesema "ulifunguka" asiandikiwe "ulifunguliwa".

9. Hitimisho

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga, na wapo wanaoutumia msemo huo kumaliza mazungumzo. Lakini tuupime kwa uangalifu. Sheria ya Marekani, inapofafanua usalama wa gari, hutaja mambo mawili mbalimbali: kumkinga mtu na ajali, na kumkinga mtu na kifo au majeraha pale ajali inapokwisha tokea. Mkanda ni wa jambo la pili. Haukusudiwi kuizuia ajali; unakusudiwa kumzuia mtu asirushwe. Wahenga hawakukosea, kwa sababu hawakusema kwamba majeraha hayana kinga.

Kinga hiyo ni ya chuma, utepe na plastiki, na inapokuwa na kasoro, kinachobaki ni habari: mtu aambiwe kwa lugha aielewayo kwamba bizimu yake inafunga nusunusu, kwamba anaitwa aende kutengenezewa bila malipo, na kwamba kosa si lake. Hiyo ndiyo kazi ya mfasiri. Rasimu hii ikirekebishwa itaifanya kazi hiyo vema, nasi tuko tayari kukaa na mwandishi wake neno kwa neno.

Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa walimu wa ufundi na mafundi wenyewe, twawaomba watuandikie. Istilahi ni mali ya wanaoitumia. Sisi ni watunza daftari tu.